"Majino": neno la nyumbani kwetu lililotikisa posa ya dada

Wakuu, heshima kwenu. Hili lilitokea kwetu, na silipambi.

Posa ya dada yangu Rukia nusura ivunjike kwa neno moja: majino.

Nirudi nyuma kidogo.

Miaka ya themanini, Ngomeni. Mama alishona nguo Malindi, akija nyumbani Ijumaa tu. Tulilelewa na nyanya, naye hakuwa akisikia. Kwa hiyo hatukuwa na wa kutusahihisha. Mdogo alijifunza kwa mkubwa wake. Jina, majina, basi jino, majino. Jicho, majicho.

Mama akisikia hucheka, akiona ni utoto. Chuoni nako tulifunzwa Kurani, si ngeli.

Kumbe kwa watu wa mjini, majino ni meno makubwa ya kutisha!

Rukia alipokua, wageni wa posa wakaja, watu wa mjini wenye mashamba na heshima zao. Rukia akatoa shikamoo vizuri, akapitisha halua. Mama wa bwana harusi akauma kipande, akajishika shavu.

"Pole mama," Rukia akasema kwa huruma kabisa. "Majino yanakuuma?"

Mama yule akaondoa mkono shavuni.

"Mimi nina majino?"

Wifi ya mama huyo, mtu wa maneno, akadakia: "Na mimi majicho yangu wayaonaje, mwanangu?"

Rukia akadhani kaulizwa kweli. "Majicho yako mazuri, shangazi."

Wakaangua kicheko. Mama yetu akainamia mkeka. Mimi nimeshika birika, uso waniwaka, maana hata mimi sikujua kosa liko wapi.

"Ni lugha ya watoto, wallahi, hakukusudia," mama aliomba radhi.

Posa ilipita. Lakini Rukia aliingia nyumba ile akiogopa kufungua mdomo. Hata wanawe alimwachia mkwewe awafunze kusema.

Nilichojifunza: mtoto huinyoosha lugha pale ilipopinda, na asipokuwepo wa kuirudisha, hiyo ndiyo inakuwa lugha. Tungekuwa kijiji kizima, ingeitwa lahaja. Tulikuwa nyumba moja, ikaitwa aibu.

Nyie kwenu lipo neno kama hilo? Leteni. Na mnisaidie na hili.

Kifungua mimba wa Rukia, alipoanza kusema, alimkimbilia nyanya yake mzaa baba mbele yetu sote: "Tazama majino yangu!"

Rukia aapa hajalitamka tena tangu siku ile ya halua. Mkwewe hataki hata kulisikia.

Mtoto alilitoa wapi?