Nyigu wa Philura

Philura Wadlin alikuwa na miaka arobaini na mitatu, hajaolewa, naye alichorea picha zake za matunda katika chumba cha kufulia nguo, nyuma ya nyumba ya kaka yake mjini Salem. Kaka mtu, Abner, alichora sura za manahodha na wake zao, na kila alipopita mlangoni hakukosa la kusema.

"Bado uko na mboga zako tu?"

Septemba ile alichora pichi, zabibu na tikiti lililopasuliwa. Siku ya tatu pichi zilianza kunuka, nyigu wakamtembelea mkononi. Akawachora na wao.

Kisha picha ikatoweka. Abner akasema ameipeleka kutiwa fremu. Wiki tatu baadaye, mke wa mchungaji alimshika mkono sokoni. "Hongera, dada! Picha ya matunda ya kaka yako ndiyo gumzo la maonyesho!"

Philura alikwenda moja kwa moja kwenye ukumbi wa maonyesho, kikapu cha vitunguu mkononi. Pale chini ya picha alipoandika jina lake palikuwa pamechorwa jani jipya, baya kama ulimi wa ng'ombe, na kando yake: A. Wadlin. Abner mwenyewe alikuwa akipokea pongezi.

"Kaka, nitazame mimi, usiitazame picha. Nyigu wako wangapi?"

"Philura, nenda nyumbani."

"Wangapi?"

Abner akabahatisha. "Wawili."

Mzee mmoja akainama na miwani yake. "Mbona mimi naona wanne? Na huyu yumo ndani ya tikiti kabisa."

Watu wakaangua kicheko.

"Mwizi mkubwa wee! Miaka yote unanicheka na mboga zangu, leo unajitapa nazo!"

"Unaniaibisha mbele za watu!"

"Bado sijaanza!" Akalikwangua lile jani kwa kucha mpaka jina lake likatokeza.

Wasimamizi waliishusha picha siku ileile. Jina lake hawakulitangaza. Walisema hawataki ugomvi wa ndugu. Philura akaibeba kwapani, akapanga chumba juu ya duka la mtengeneza matandiko ya farasi, akachora huko miaka kumi na tisa. Barua za Abner aliziwashia jiko bila kuzifungua.

Abner alipokufa, Philura alikwenda kuzika. Alisimama mbali na wengine, uso ameukunja, na hakuna aliyethubutu kumpa pole.