Bulu Yangu Kwenye Paji la Uso la Mpiganaji

Uvumilivu wangu uliisha pale bariyeri ya Kalundu, waasi walipofunga njia, nilipoiona bulu yangu kwenye paji la uso la mwanaume mwenye ndevu na bunduki.

Mpaka asubuhi hiyo nilikuwa nimenyamazia mengi. Waasi walipoingia Uvira walichukua baiskeli ya mume wangu, nikanyamaza. Walichinja mbuzi wa jirani uani kwetu kwa sababu uani kwake kulikuwa na tope, nikawaonyesha hata mahali kuni ziko. Lakini rangi ile ya bulu naijua kama ninavyoijua alama ya kuzaliwa ya mtoto wangu. Ndiyo ninayochanganya na kijani kidogo nikitaka kuchora ziwa kabla upepo haujaamka. Dukani haipo. Uvira nzima ilikuwa moja tu, ndani ya kisanduku cha bati, chini ya kitanda changu.

"Weye mama, simama pale pale!" alisema mwenye ndevu. "Karatasi yako weka chini. Usinipe mukononi."

Hiyo ilikuwa sheria yao. Mpiganaji aliyepakwa dawa ya kukinga risasi haguswi na mwanamke, hapokei kitu mkononi mwa mwanamke, na mama anayenyonyesha ndiye mbaya kuliko wote. Akikosea, dawa inakufa na risasi inamwona.

Nilitua beseni langu la ndagala, samaki wadogo wa ziwani, nikamkaza mtoto mgongoni.

"Papa, hii bulu umeitoa wapi?"

"Ni dawa."

"Si dawa. Ni yangu."

"Mama, rudi nyuma!"

"Ngoja kwanza nione kama inatoka."

Nikatia mate kwenye kidole gumba, kama ninavyofanya nikitaka kumfuta mtoto uji shavuni, nikamwendea. Mtu huyo alikuwa na bunduki, na kisu, na ngozi ya mnyama nisiyemjua kichwani. Alirudi kinyumenyume mpaka akakaa juu ya pipa. Wenzake walicheka, lakini nilipowageukia na kidole changu waliacha njia yote wazi. Nikabeba beseni langu nikapita. Nyuma nikasikia mmoja anasema, "Huyu mama iko na kichwa mubaya."

Ni kweli. Na siku hiyo kilikuwa kibaya zaidi.

Kisanduku kile cha rangi nilipewa na masere, mtawa wa kizungu aliyetufundisha kuchora, mwaka wa uhuru. Sisi wasichana tulikuwa uani tunaimba tangu asubuhi, yeye anafunga mizigo yake arudi kwao. Akaniita dirishani. "Weye ndiye unayeharibu karatasi kuliko wote," alisema. "Basi, haribu vizuri." Ndiyo sifa pekee niliyopata kwake miaka yote ya sekondari.

Nimeharibu nyingi. Rangi za maji hazina adabu. Unalowesha karatasi, unagusa na brashi, halafu maji yanakwenda yanakotaka, kama mtoto anayeanza kutembea, na kazi yako ni kukimbia mbele yake ukiondoa vitu vya hatari. Mume wangu, kabla meli anayofanyia kazi haijakwama bandari ya Albertville, alikuwa ananiletea karatasi za mizigo zilizoharibika bandarini. Upande mmoja zilisema saruji na mafuta ya mawese. Upande wa pili nilikuwa naweka milima ya Burundi. Zikikauka zinajikunja kama majani ya tumbaku, nazilaza chini ya jiwe la kusagia, na mama mkwe analitafuta jiwe lake nyumba nzima.

Kilichonishinda muda mrefu kilikuwa ndagala, wale wanaoanikwa mchangani Kalundu. Kisanduku hakina rangi ya fedha. Nilijaribu kijivu, wakatoka kama majivu. Nilijaribu bulu nyepesi, wakatoka kama maiti. Mpaka siku moja nikaelewa kwamba ndagala hawachorwi. Unachora mchanga, na kila samaki unamwachia karatasi tupu. Ukiondoa brashi, wanang'aa. Nilicheka peke yangu mpaka nikamwamsha mtoto.

Ile saa ya asubuhi mtoto akiwa amelala ndiyo ilikuwa yangu. Saa nyingine zote zilikuwa za watu: wa kunyonya, wa kula, wa kufuliwa, wa kuniuliza chumvi iko wapi. Sasa mtu alikuwa ameichukua saa yangu na kuipaka kwenye uso wa mwenye ndevu.

Nilifika nyumbani Rugenge nikitoka jasho. Chini ya kitanda nilikuta brashi yangu, na vumbi lenye umbo la kisanduku. Mama mkwe alikuwa mlangoni anachambua maharage. Hakuinua macho, nikajua.

"Mama, kisanduku changu iko wapi?"

"Kimeenda kazini. Mudogo ya bwana yako alikiomba. Minye nilimuonyesha tu."

"Ulimuonyesha chini ya kitanda changu?"

"Kitanda nilikinunua minye." Akatupa harage bovu. "Na weye, mwanamuke muzima, kukaa kulowesha karatasi! Sasa angalau yale maji yanalinda batu."

Mdogo wa mume wangu, shemeji yangu, kabla ya uasi alikuwa anatengeneza baiskeli, vibaya. Ukimpelekea tairi, inarudi na tatizo la breki. Waasi walipofika akageuka dokta, mganga wa kuwapaka dawa watu wa bariyeri. Nilimkuta nyuma ya nyumba, beseni mbele yake, kisanduku wazi mapajani. Alikuwa anasugua bulu yangu ndani ya maji kama sabuni ya kufulia. Kidonge cha nyekundu tayari kilikuwa na tundu katikati, bati linachungulia.

"Shemeji, simama hapo!" alipiga kelele. "Mwanamuke hasogelei hii dawa."

"Nani alikuambia ni dawa?"

"Sikia. Ilitoka kwa masere. Ilikuwa imefichwa. Iko kavu kama jiwe, ukitia maji inaamuka. Unataka nini tena?"

Nakubali, maneno yake yalikuwa yamepangwa vizuri kuliko baiskeli zake.

"Si ulikuwa unawapaka majivu?"

"Majivu hakuna muntu anaheshimu tena. Wale wa bariyeri ya huku juu wako na nyekundu. Batu yangu walianza kunisema." Akainua kisanduku kama padri. "Hii ni safi. Mwanamuke hajaigusa."

Hapo ndipo nilianza kucheka, na hasira haikupungua hata kidogo, vyote viwili vilikaa pamoja.

Brashi yangu ni kuukuu. Nywele zake zinatawanyika kila upande, na ukitaka ipate ncha lazima uipitishe katikati ya midomo, uivute, ndipo uirudishe kwenye rangi. Mdomoni, rangini, mdomoni tena. Kisandukuni humo hakuna rangi nisiyoijua ladha yake. Bulu ina chumvi kidogo. Kahawia ni kama ule udongo tunaolamba tukiwa na mimba.

Nikamweleza shemeji yote hayo, polepole, na mtoto akinyonya.

Alitazama beseni. "Unasema uongo."

"Uliza mama yako."

Mama mkwe alikuwa amekuja kusikiliza, ungo mkononi. "Njo kweli," alisema. "Siku moja aliniamkia na ulimi bulu. Nilifikiri anakufa."

"Nyamazeni nyinyi wote! Batu wakisikia hii, wananimaliza!"

"Basi nirudishie."

"Nikirudisha wataniuliza kwa nini." Akafunga kisanduku, akakiingiza ndani ya shati, akaondoka na tumbo la pembe nne.

Nami nikaenda biro, ofisini kwa waasi.

Biro ya wakubwa wao ilikuwa kwenye nyumba ya mzungu aliyekimbia. Sekretere alikuwa kijana aliyesoma, shati safi, na mstari wa bulu kutoka kwenye nywele mpaka puani. Nilianza kusema, akanikata.

"Mama, malalamiko inaandikwa. Ya mudomo hatupokei."

Akanitupia karatasi sakafuni, nikaokota. Kalamu vilevile. Meza nilikatazwa, nikaandikia kwenye dirisha, naye akisoma kutoka mbali kwa kunyoosha shingo. Nilipofika katikati nilisikia kiti kinaanguka. Alikuwa ametoa kitambaa anasugua uso, anamwita mtu nje akamlete dokta wa bariyeri, mbio, na asiguse kitu chochote njiani. Bulu haikutoka upesi. Ni rangi nzuri.

Sikuacha kuandika. Hii ndiyo niliyoweka sahihi:

Kwa Mkubwa wa Biro, Uvira.

Mimi, mama mwenye mtoto mchanga, mkazi wa Rugenge, ninamshitaki shemeji yangu, mtengeneza baiskeli, anayejiita dokta. Amechukua chumbani kwangu, bila ruhusa yangu, kisanduku cha rangi za maji. Rangi hizo ni za kuchorea ziwa. Hazizuii hata mvua.

Kwa kuwa sheria yenu inawakataza kuguswa na mwanamke, ninawajulisha rasmi kwamba kila rangi iliyomo imepita mdomoni mwangu, mara nyingi, na kwamba ninanyonyesha. Sikumficha mtu. Hakuna aliyeniuliza.

Ninaomba kisanduku changu kirudishwe leo, pamoja na kile kilichobaki cha bulu, na shemeji arudi kwenye baiskeli.

Kama kazi yenu inahitaji bulu, dukani iko ile bulu ya unga ya kufulia mashuka. Hiyo sikuilamba.