Kitambaa cha Wana wa Israeli

Juzi, kwenye televisheni ya mdogo wangu, niliiona tena picha iliyokuwa kwenye kitambaa cha meza cha mama: mikokoteni mingi ikitimua vumbi, farasi, wanawake wameshikilia kofia. Mtangazaji alisema ni Oklahoma, Marekani, siku watu walipokimbilia kugawana ardhi.

Mama alikinunua mnadani Lizaboni, mtaa wa pale mjini kwetu, mitumba ilipoanza kuja kwa marobota. Alikitandika mezani siku majirani wa jumuiya yetu ya kanisa walipokuja kusali kwetu. Alikuwa amekifua mara mbili, bado kikanuka ile dawa ya mitumba. Mimi, mtoto bado, nilipowaona wale watu wa pichani nilijua moja kwa moja kuwa ni wana wa Israeli wanaingia nchi ya ahadi. Nikamwonyesha katekista. Akavaa miwani, akainama.

“Kweli, mwanangu. Ndio wenyewe.”

Akina mama wakapiga vigelegele, mshumaa ukawekwa katikati ya farasi.

Baba aliingia kutoka shamba, miguu ina udongo, amechoka. Aliitazama ile picha kwa muda mrefu.

“Na waliokuwa wanakaa huko,” aliuliza, “wamepelekwa wapi?”

Katekista akaanzisha wimbo. Nilimwonea baba aibu, nikidhani hajui Biblia.

Sikujua bado kwamba, kabla sijazaliwa, serikali ilipowahamishia watu vijiji vipya, naye alipakiwa kwenye lori kule kwao Lusewa, akaacha mahindi yamekomaa shambani.

Juzi nilisubiri mtangazaji ajibu swali la baba. Yakaja matangazo ya sabuni. Nikazima.