Kijiko Kati ya Kichwa na Kichwa

Kinyozi wa pembeni ya soko hakuwa mtu wa kunyamaza. Mkono ukinyoa, mdomo nao unasimulia. Lakini tangu binti yake augue surua, wateja waliingia na kutoka bila kusikia hata utani mmoja.

Mtoto huyo, ambaye kwa ukali wake mtaa mzima ulimwita Pilipili, alikuwa amepona kwa jina tu. Surua ilipotoka, kuhara kukaingia. Kuhara kulipokoma, kifua kikabana. Kila mara alipewa dawa akapata nafuu, na kila mara alibaki mwembamba kuliko mwanzo.

Mke wa kinyozi alikuwa amefariki, na mama mkwe ndiye aliyemlea mjukuu. Alimpenda kupita kiasi, ila alikuwa na msimamo wake: tumbo likiharibika, lipumzishwe. Basi Pilipili akiharisha, alipewa chai ya rangi tu. Kinyozi hakuridhika, lakini kumjibu mkwe angeanzia wapi?

Asubuhi moja kinyozi alipokuwa akimvisha binti yake viatu, miguu ikagoma kuingia.

"Ameanza kunenepa," bibi alisema kwa furaha.

Kinyozi akamvua gauni. Mashavu na miguu vilijaa, lakini mbavu zilikuwa nje nje. Na Pilipili, aliyezoea kupiga mateke akiguswa tu, hakufurukuta. Hapo ndipo baba mtu alipoingiwa na hofu. Hakufungua duka siku hiyo. Akambeba hadi hospitali.

Nesi alibonyeza unyayo kwa kidole gumba. Kishimo kikabaki palepale.

"Huu si unene, baba. Ni maji. Mtoto ana utapiamlo mkali, na kifua chake kina maambukizi."

"Mbona hana homa?"

"Mwili umechoka mpaka hauna nguvu ya kupandisha homa." Nesi akavuta kiti. "Mwili usiolishwa hauwezi kupigana na maradhi. Maradhi nayo yanakula akiba yake na kumwondolea hamu ya chakula. Ndiyo maana anazunguka palepale. Tutatibu kifua na njaa kwa pamoja."

Wakalazwa. Maziwa maalumu yalitolewa kidogo kidogo, usiku na mchana, kwa kuwa mwili uliodhoofika vile haubebi shibe ya ghafla. Kinyozi akajifunza kuvumilia mdomo uliofumbwa: anasubiri, anabembeleza, anajaribu tena. Uvimbe ukashuka, na mtoto akaonekana alivyokonda kweli. Bibi alipokuja kumtazama, akajifunika uso kwa kanga.

"Mimi ndiye niliyemnyima."

"Mama, sote hatukujua," kinyozi alimwambia. "Sasa tumejua. Akiumwa, atakula. Hilo naomba tusibishane."

"Hatubishani, mwanangu."

Waliporuhusiwa, kinyozi alihamishia malezi dukani. Pilipili alikaa kwenye kiti cha wateja, na kati ya kichwa na kichwa alilishwa: uji mzito, yai lililopondwa, maharage, parachichi. Mara nyingine mteja aliachwa na upande mmoja wa nywele.

"Fundi, nitoke hivi?"

"Tulia. Wewe nywele zako hazina haraka, huyu tumbo lake linayo."

Kuhara kulirudi msimu wa mvua, siku ambayo Pilipili alibaki nyumbani na bibi. Kinyozi alikimbilia nyumbani akiwa na aproni yake, akidhani bibi amerudia chai yake ya rangi na ugomvi unamsubiri. Akamkuta bibi ameshachanganya maji ya chumvichumvi ya hospitali, na bakuli la uji liko mapajani.

"Ametema mara ngapi sijui," bibi alisema bila kuinua macho. "Na mimi sichoki. Kanawe mikono unipokee."

Walipokezana mpaka tumbo likatulia. Safari hiyo Pilipili hakulazwa. Alipungua kidogo, kisha mizani ya kliniki ikapanda tena. Bado alikuwa mdogo kwa umri wake, na nesi hakuwaficha kwamba kimo kingechukua muda mrefu. Kinyozi akaitikia, akauliza tarehe ya kurudi, akamtia mtoto mgongoni. Dukani kulikuwa na foleni.