Mjenzi Hajulikani

Mkutubi wa maktaba ya usanifu majengo hakuwa mtu wa kukaa. Kiti chake nyuma ya meza ya kuazimia vitabu kilibaki kipya mwaka baada ya mwaka, na wanafunzi waliijua sababu: hakikaliwi. Utamwona juu ya ngazi akipanga majarida. Chai haijapoa, yuko chini akivuta droo pana za michoro. Na kabla hujamaliza kuuliza kitabu ulichokifuata, amekwisha kukitua mbele yako na kuondoka. Walimbatiza Kiguu na Njia. Alilijua jina hilo na akajifanya halijui, kwa maana miongoni mwa majina ambayo vijana wa chuo huwapa wakubwa wao, hilo lilikuwa la heshima.

Kazi aliyoipenda kuliko zote haikuwamo katika mkataba wake. Kila Jumatatu alibandika mlangoni karatasi ya Habari za Maktaba: vitabu vilivyoingia, mhadhara wa wiki, msichana aliyeshinda shindano la kubuni kituo cha mabasi, kijana aliyemwagia wino mchoro wa mwenzake na sasa anaomba radhi hadharani, mama wa jikoni aliyejifungua pacha. Watu wasiosoma hata kitabu kimoja walisimama pale wakaisoma mpaka mstari wa mwisho.

"Ukitaka kujua nani kazaliwa na nani kafeli," mlinzi wa lango alizoea kusema, "usihangaike na ofisi ya msajili. Nenda kwa Kiguu."

Wiki hiyo habari ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa nzito. Profesa wa historia ya majengo alikuwa amewatuma wanafunzi wake katika mitaa ya mlimani, ng'ambo ya reli, wakapime nyumba ambazo watu walijijengea wenyewe bila ramani wala kibali. Wakazipima, wakazichora kwa ustadi usio na dosari, na sasa michoro ilikuwa ikitundikwa katika ukumbi wa kusomea, chini ya kichwa chenye herufi za urefu wa mkono: NYUMBA ZISIZO NA MSANIFU. Mgeni rasmi angekuwa ofisa mkuu wa mipango miji.

Mkutubi alikuwa akitundika mwenyewe, misumari mdomoni, alipofika kwenye fremu ya saba na mkono ukamganda hewani. Aliijua ile baraza. Aliyajua yale madirisha mawili yasiyolingana, la pili likiwa limeshushwa ili mtu akiugua aone nje akiwa kitandani. Aliyajua zaidi matofali yaliyochomoza pembeni mwa ukuta kama meno. Wanafunzi walikuwa wameyaandikia "mapambo". Hayakuwa mapambo. Mama yake alikuwa mshonaji wa sare za shule, na kama alivyoacha kitambaa cha ziada kwenye mshono ili gauni lipanuliwe mtoto akikua, ndivyo alivyoacha matofali nje ya ukuta ili chumba kingine kije kushikana nayo. Mafundi walimcheka, wakamwita Fundi Sketi. Chumba kilikuja, na baada yake vingine viwili.

Chini ya fremu kulikuwa na kibandiko kidogo chenye maneno mawili: Mjenzi hajulikani.

Aliitema misumari mkononi. Hajulikani! Kikombe kikivunjika jikoni, aliyekivunja hujulikana kabla vipande havijazolewa. Mwanamke akichelewa kurudi nyumbani, mtaa mzima hujua alikopita. Ila akisimamisha ukuta, ukuta ukasimama miaka thelathini bila ufa, wasomi huja na kalamu zao kuandika kwamba haijulikani umesimamishwa na nani. Alishuka ngazi, akaenda moja kwa moja hadi ofisini kwa Profesa. Hakubisha hodi.

"Profesa, mjenzi wa nyumba ya saba anajulikana."

"Kwa nani?"

"Kwangu. Ni mama yangu mzazi."

Profesa alivua miwani, akaifuta polepole kama mtu anayejipa muda. "Basi hongera, dada. Lakini vijana waliuliza mlango kwa mlango. Hapo waliambiwa wazi kwamba hajulikani. Siwezi kubadilisha matokeo ya utafiti kwa neno la mdomo, na maonyesho ni kesho kutwa. Halafu, ukimtaja mmoja, itabidi uwataje wote."

"Si muwataje wote!"

"Na kile kichwa cha habari kule ukumbini, tukipeleke wapi?"

Alisema kwa upole kabisa, na upole huo ndio uliomchoma. Akatoka bila kuaga. Kazi ilipokwisha alivuka reli na kupanda mlima, akitunga njiani maneno ambayo angemwambia mama yake kwa niaba ya dunia nzima.

Alimkuta juu ya stuli, nyundo mkononi, akiubomoa nusu ukuta wa jikoni ili atie dirisha pana zaidi. Vumbi la saruji lilikuwa limemkaa kwenye nyusi.

"Mama, shuka kwanza. Wanafunzi walikuja hapa kupima?"

"Walikuja. Watoto wazuri, wana adabu. Mmoja alinisaidia kuanua nguo."

"Nani aliwaambia mjenzi hajulikani?"

"Mimi."

"Wewe!"

"Niliwaambia mimi mpangaji tu, mwenyewe simjui." Mama aliteremka, akajipangusa mikono kwenye kanga. "Mbona umetoa macho? Mtu anakuja na futi na kalamu, anauliza nani kajenga bila kibali, ulitaka nimwambie 'ni mimi, karibu, pingu hizi hapa'?"

"Walikuwa wa chuo, mama! Wa kwangu!"

"Walisema hivyo. Hata mwizi hubisha hodi." Akaketi, kisha akasimama tena papo hapo, kwa maana kutotulia binti hakukuokota njiani. "Sikiliza, mwanangu. Hajulikani haitwi mahakamani. Hajulikani hapigwi faini. Miaka yote hii Hajulikani kaongeza chumba, kapandisha bati, kafungua milango, hakuna aliyemgusa. Anayejulikana angekuwa bado kwenye foleni ya kibali, na wewe ungesomea uani."

Maneno yote aliyoyatunga njiani yalimwishia. Alikuwa amemkasirikia Profesa kwa kosa ambalo mama yake mwenyewe alilipika, akalipakua na kuwalisha watoto wa watu.

"Apa hutasema kitu," mama akamwambia.

"Naapa."

"Apa vizuri. Huo mdomo naujua, niliuzaa mimi."

"Haki ya Mungu, mama, sitasema."

"Haya. Na mimi nitakuja."

"Kufanya nini?"

"Kuiona nyumba yangu ikiwa imevishwa fremu. Nitakuja kama mpangaji."

Akaja kweli, katika gauni la kijani alilolishona mwenyewe, mkoba kwapani. Wanafunzi waliokuwa wamempimia milango walimkimbilia, "Mama mpangaji! Karibu!" naye akawaitikia kwa bashasha ya mtu asiye na hatia duniani. Binti yake, aliyepewa kipaza sauti cha kukaribishia wageni, alizunguka ukumbi akipanga viti vilivyokwisha kupangwa.

Ofisa wa mipango miji alikuwa mtu mnene, mtaratibu, wa sauti ya chini. Alipita fremu moja baada ya nyingine akitikisa kichwa, mpaka kwenye ile ya saba akasimama. Akainama. Akasifu baraza inavyokinga jua la mchana, akasifu dirisha lililoshushwa.

"Aliyejenga hii ana jicho," akasema. "Hasara tu kwamba hajulikani."

Mkutubi alikishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Sentensi ilikuwa tayari, fupi, imekaa kwenye ncha ya ulimi. Akaimeza, nayo ikashuka kama mwiba wa samaki.

"Hiyo ndiyo hoja yetu, mheshimiwa," Profesa akadakia, akiugeukia umati. "Nyumba za namna hii hazina mjenzi kwa maana tunayoijua sisi. Hujiotea zenyewe, kama uyoga baada ya mvua."

Watu wakacheka kistaarabu. Mmoja aliandika maneno hayo. Mkutubi alitazama sakafu, kwa maana kiapo ni kiapo.

"Uyoga?"

Sauti ilitoka nyuma, karibu na meza ya soda. Umati ukapasuka njia.

"Uyoga gani unabeba tofali kichwani?" Mama alikuwa akija mbele, mkoba umemteleza hadi kiwikoni. "Uyoga gani ulimfukuza fundi kwa sababu pembe imepinda upana wa kidole? Huyo mnayemwona na kipaza sauti alikuwa akitoka shule anapanda mlima na matofali mawili utosini, mpaka shingo ikamvimba nikamkanda kwa maji ya moto. Leo mnatuambia uyoga!"

Kijana aliyeanua nguo alinyanyua kidole kama yuko darasani. "Lakini mama, si ulituambia wewe mpangaji?"

"Niliwaambia. Sasa nawaambia vingine."

Ofisa alimtazama, na usoni mwake hapakuwa na ukali. Palikuwa na masikitiko ya mtu aliyeharibiwa jioni. "Mama," akasema kwa sauti ya chini, "afadhali ungebaki mpangaji. Ningeisifu nyumba, nikanywa soda yangu, nikaenda zangu. Sasa nimekujua. Na nikishajua, siwezi kutojua."

"Nijue," mama akamjibu, lakini vidole vyake vilikuwa vikipapasa mshono wa gauni. Akamgeukia binti yake. "Wewe! Andika jina langu pale."

"Mama, una hakika?"

"Andika kabla sijaogopa."

Mkutubi alikibandua kibandiko kwa ukucha, akachukua kadi tupu na kalamu nene ya matangazo, akaandika majina yote matatu ya mama yake kwa herufi zilizotambaa hadi ukingoni mwa kadi. Profesa alimsogelea. Alionekana kutafuta la kusema, na alilolipata lilikuwa hili: "Mwandiko haulingani na wa vibandiko vingine."

"Haulingani," mkutubi akakubali, akaibandika kadi.

Jumatatu Habari za Maktaba ziliandika kwamba nyumba ya saba ilijengwa na mshonaji wa sare, mama mzazi wa mwandishi wa habari hizi, na watu walisongamana mlangoni kusoma. Wanafunzi wawili walikuwa wamekwisha kurudi mlimani kuuliza upya, mlango kwa mlango. Jumanne watu wa ofisa walifika kwa mama. Walikuwa waungwana. Nyumba haitavunjwa, walisema, si kwa sasa. Michoro ya wanafunzi ingetosha kuombea kibali, na Profesa, baada ya kuzungukazunguka sana, alikubali kuitia sahihi. Huenda baraza ikakatwa kwa kuwa imeingia njiani, huenda isikatwe. Mkaguzi ndiye atakayeamua. Mkaguzi angekuja lini? Itapangwa. Na mpaka atakapokuja, mama asiguse hata tofali moja.

Ukuta wa jikoni ulibaki kama ulivyokuwa, nusu umebomolewa, umezibwa kwa karatasi ya nailoni iliyopigwapigwa na upepo usiku kucha.

Wiki iliyofuata mama alitokea maktaba, saa za asubuhi, bila taarifa. Binti yake alimwekea kiti karibu na dirisha na kitabu kikubwa cha picha za majengo. Alifungua kurasa tatu. Akakifunga.

"Tulia, mama."

"Nimetulia wiki nzima. Nimetulia mpaka magoti yanauma. Nalala nauangalia ule ukuta, nao unaniangalia." Alisema taratibu, bila lawama, na kwa hiyo ilikuwa vigumu zaidi kusikia. "Watu husema jina ni heshima."

"Ni heshima, mama."

"Ndiyo. Mtaani wananisalimia kwa jina kamili siku hizi, hata wale walioniita Fundi Sketi. Nafurahi, sikatai. Lakini Hajulikani angekuwa ameshatia lile dirisha."

Mwanamke aliyekuwa na jibu kwa kila profesa wa jengo lile alianza kunyoosha vitabu ambavyo havikupinda.

Mama alikuwa ameinuka tayari, anazipima kwa macho meza za kusomea zilizopangwa safu mbili katikati ya ukumbi. "Hizi nani kaziweka hivi? Mtu anasoma kaupa mwanga mgongo. Kivuli chote kinamwangukia kwenye karatasi." Akashika ukingo wa meza ya kwanza, akaijaribu uzito.

"Mama, iache. Hapo ni chuo."

"Nayo inataka kibali?"

Mkutubi aligeuka akatazama mlango. Kisha akavua viatu vyake vya kisigino, akavisukuma chini ya kabati la michoro, akaenda kushika upande wa pili.