Mtama Niliouosha Mara Nne

Sisimizi wale hawakuwa wangu, walikuwa wa mke wangu. Baada ya mvua ya kwanza alimwokota malkia wao kizingitini, akamtia pamoja na udongo ndani ya chupa kubwa ya mayonezi. "Papa, angalia," aliniambia, "huyu mama amejitoa mabawa mwenyewe. Njo kusema anatafuta nyumba." Nilimcheka. Miaka mitatu baadaye mke wangu aliugua, akafa, nami nikabaki na chupa. Niliapa kwamba malkia yule hatakufa mikononi mwangu.

Kila asubuhi niliwamwagia kijiko cha ulezi na kulowesha kipande cha pamba wapate kunywa. Kupitia kioo niliwaona wakibeba punje moja moja hadi chumba chao cha akiba, wakiimenya, wakiitafuna kwa pamoja mpaka inakuwa donge la ugali. Maganda waliyarundika kona moja pamoja na wafu wao. Nyumba yao ilikuwa safi kuliko yangu. Jirani yangu, mama mmoja muuza dagaa, alisimama mlangoni akatikisa kichwa. "Papa, watu wanalala na njala, weye unalisha sisimizi?" Nilimjibu vibaya. Alisema kweli, na hilo ndilo lililoniuma.

Kisha ulezi ukaadimika sokoni. Nyumbani nilikuwa na mtama tu, ule tuliogawiwa kwa ajili ya kupanda, umepakwa dawa nyekundu ya kuzuia wadudu. Mtaani kwetu hakuna asiyejua kazi yake: unauosha mara tatu, unamwaga maji mekundu, unaanika, unasaga, unakula. Shamba litangoja. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeula wiki nzima, tumbo likanisokota kidogo, basi. Nikawaoshea wao konzi moja, tena mara nne, kwa upendo, nikautwanga upate kuwaenea mdomoni. Dawa ya wadudu! Na mimi mtu mzima, niliyefundisha watoto kusoma miaka ishirini, sikuwaza hata kidogo kwamba wadudu wenyewe ndio hao.

Siku ya pili walianza kuyumba kama walevi. Wazima waliwabeba wafu hadi kona ya maganda, kisha wabebaji nao wakafia njiani, maiti ingali mdomoni. Nilitoa mtama wote, nikabadilisha pamba, nikawasemesha kama mwendawazimu. Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi sina mjukuu mwingine.

Siku ya tano alibaki malkia peke yake. Yeye hajui kuvunja punje, amelishwa na watoto wake siku zote. Nikaenda kwa jirani yule yule kuomba ulezi. Hakunicheka. Alinifungia kiganja kimoja katika karatasi, akasema, "Pole, Papa," kwa sauti ile ile ya siku ya maziko.

Niliutafuna ulezi mbichi mpaka ukalainika, nikamsogezea kidogo kwenye ncha ya njiti ya kiberiti. Aliugusa kwa vipapasio vyake, akageuza kichwa. Ndivyo alivyogeuza mke wangu siku zile za mwisho, nikiwa na kijiko cha uji mkononi. Nilingoja mpaka jua likahama dirishani. Donge lililobaki lilikuwa bado mdomoni mwangu. Nikalimeza, kwa sababu nilikuwa na njaa.