Ukuta Mweupe wa Bunju

Kilichonitoa Masasi ni nyumba. Wapo wanaosema nilikwenda Dar es Salaam kutembea, na wapo wanaosema nilifuata biashara. Nilifuata nyumba niliyoiona kwenye filamu. Kwa kuwa safari hiyo niliitangaza mwenyewe kabla sijaondoka, ni haki yenu niwaeleze mwenyewe ilivyokwisha.

Nilikotoka mnakujua. Niliondoka hapa na begi moja, nikafanya kazi Maskati miaka kumi na mmoja, nikisoma jioni baada ya kazi wakati wenzangu wamelala, hadi nikapata stashahada ya majokofu na viyoyozi. Cheti kipo ukutani sebuleni kwangu, kila mgeni anakiona. Hakuna mjomba aliyenipa mtaji.

Huko Maskati tulikaa wanne chumba kimoja, na Ijumaa tulitazama filamu za nyumbani. Filamu yenyewe ilikuwa ya kawaida tu: mke kasingiziwa, mama mkwe anafoka. Lakini nyumba yao! Baraza ndefu ya saruji nyekundu, mlango mzito wa nakshi, dirisha la vioo vya rangi lililomwaga kijani na njano sakafuni, na chini ya dirisha ukuta mweupe kama kanzu ya Idi. Wenzangu walimlilia mke. Mimi nilirudisha nyuma nilione tena dirisha. Siku ambayo msimamizi wangu alinitukana mbele ya watu, nilirudi chumbani nikaifungua filamu ile, nikakaa barazani pale kwa mawazo mpaka hasira ikaisha.

Niliporudi nchini na kusimama vizuri, nilitoa picha ya nyumba kwenye filamu, nikaituma kwenye makundi yote ya simu niliyonayo. Chini yake niliandika: "Naitafuta nyumba hii. Mwenyewe ajitokeze. Bei si tatizo." Maneno matatu ya mwisho niliyapenda sana. Hazikupita wiki tatu, dalali mmoja wa Dar anayeitwa Side akanipigia. Nyumba iko Bunju, akasema, na inauzwa.

Saa kumi na moja alfajiri basi lilitoka Masasi. Jirani yangu wa kiti alikuwa mama mmoja aliyebeba korosho za wajukuu. Nikamwonyesha picha. Akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu.

"Sasa baba, nyumba kuukuu hivi ya nini? Si ujenge mpya?"

"Mpya kila mtu anajenga, mama."

Akanirudishia simu, akafunga macho. Tulipofika Nangurukuru mvua ilianza, ile nyembamba isiyo na haraka. Kwenye daraja la Rufiji maji na mbingu vilikuwa rangi moja, kijivu.

Jioni, Mbagala. Nilifikia kwa mdogo wangu Mwanahawa, mshonaji. Alinipa wali na samaki, na maneno juu yake.

"Kaka, Masasi una nyumba ya vyumba sita. Hii unamtafutia nani?"

"Nimekaa vyumba vya watu vya kutosha. Nataka baraza yangu Dar."

"Utakuwa unakaa humo lini? Au unataka tu isemwe?"

Nikamwambia mtu asiyesafiri hawezi kuelewa. Akacheka, akarudi kwenye cherehani yake. Usiku kucha mvua ilipiga bati.

Asubuhi, Mabibo. Side alinisubiri nje ya soko, katikati ya mikungu ya ndizi na matope mazito. Kijana mwembamba, viatu vyeupe ajabu kwa matope yale.

"Shikamoo bosi! Wewe ndo bei si tatizo?"

"Ndiye mimi."

"Mtaani wanakuitaga hivyo hivyo. Kabla hatujaondoka, bosi, ile ya kuonyeshwa."

Nikampa ada ya kuonyeshwa nyumba, kama ilivyo kawaida ya madalali, tukakodi teksi. Njia nzima alisifu bahati yangu. Wenye nyumba walikuwa hawataki kabisa kuuza, alisema, lakini tangu picha yangu isambae mambo yamelainika. Nilifurahi kusikia hivyo. Naandika hapa kwamba nilifurahi.

Saa tano, Bunju. Nyumba ilikuwa kando ya barabara ya zamani, imebanwa na stoo ya saruji upande mmoja na ghorofa ambalo halijamalizika upande wa pili. Niliitambua kwa mlango. Baraza ilikuwa imepasuka katikati kama mkate, na nusu ya nyuma ya nyumba ilikuwa haina paa. Upande mmoja tu ndio uliokuwa mzima, upande ambao kamera iliutazama, na ukuta ule bado ulikuwa mweupe.

Side alibaki kwenye teksi na simu yake. Niligonga, akafungua bibi wa Kiarabu, mwembamba, mtandio begani. Nikamwamkia.

"Marahaba. Wewe mtu wa filamu au mtu wa kununua? Wa filamu nawapendelea. Wale hula, wakaondoka."

Nilisema nimeipenda nyumba tangu nilipokuwa Maskati. Hilo halikuwa jibu, lakini alinikaribisha. Jina lake Bi. Rahma. Babake aliijenga nyumba ile akiuza nguo na mafuta ya taa, akawaachia yeye na kaka yake, bila kugawa. Kaka alikufa. Fungu lake sasa ni la watoto wake.

Nilitazama dirisha. Vioo vilikuwa vya kawaida, na pembeni yamebaki mabaki ya nailoni ya rangi, yamekunjamana.

"Walibandika wale wa filamu," alisema Bi. Rahma. "Nilikuwa napenda nikiamka. Jua likazila rangi."

Pembeni palikuwa na jokofu la zamani la dukani. Majokofu ndiyo kazi yangu, nikapiga magoti nyuma yake, nikaligusa hapa na pale.

"Hili limekufa, Bi. Rahma. Halitengenezeki."

"Najua, mwanangu. Naweka sukari na nguo za kuzikwa. Panya hawaingii."

Alinimiminia chai ya tangawizi, kisha akaanza kueleza kilichomkondesha. Chini ya dirisha, kwenye ukuta ule, babake aliandika kwa rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI. Mnayajua maandishi hayo, Dar yamejaa. Akiyaona dalali hupita, na ndugu mwenye tamaa huona haya. Watu wa filamu walipokuja walisema yanaharibu picha. Wakapaka chokaa, wakaahidi kuyarudisha siku ya mwisho. Siku ya mwisho walipakia taa zao wakaenda.

"Nikasema basi, nani ataijali nyumba hii. Kweli, tulikaa salama. Halafu mwezi uliopita Nasoro, mtoto wa kaka yangu, akaja mbio na simu. Kuna tajiri kaleta picha ya nyumba yetu, kaandika bei si tatizo. Tangu siku hiyo hakuna anayeniuliza nimeamkaje. Wananiuliza nitahama lini."

Nikaweka kikombe chini. Ningeweza kunyamaza, Side hakuwepo kunitaja.

"Bi. Rahma, aliyeandika ni mimi."

Alinitazama viatu, akapanda taratibu mpaka usoni.

"Wewe?"

"Mimi. Lakini nikinunua hutahama. Nitakupa chumba cha uani, kizuri, nitakiwekea kiyoyozi kwa mkono wangu."

"Niwe mgeni wako humu? Nipige hodi kwa babangu?"

Nikatoka, nikavuka barabara hadi duka la vifaa vya ujenzi, nikanunua kopo dogo la rangi nyekundu na brashi. Mwandiko wangu ni mzuri. Kwenye stashahada michoro yangu ndiyo mwalimu aliyokuwa akiwaonyesha wengine. Mvua ilikuwa imekatika. Nikapiga mistari kwa penseli, nikaanza.

Nilikuwa nimefika herufi ya mwisho ya HII pikipiki iliposimama nyuma yangu. Alikuwa Nasoro, ameitwa na Side.

"Braza, si wewe ndo bei si tatizo?"

"Nilikuwa."

"Sasa unaandika nini?"

"Alichoandika babu yako."

Hakugomba. Alikaa kwenye ukingo wa baraza, akawasha sigara, akaniangalia nikimaliza HAIUZWI.

"Una mwandiko mzuri," akasema. "Ila umechelewa, braza. Sie tulikuwa tunaiona gofu tu, hata kodi tulikuwa hatuiwazii. Wewe ndo ulitufungua macho. Ukitoka wewe anakuja mwingine."

Side naye aliteremka kwenye teksi kuusoma ukuta. "Bosi, umenimaliza," alisema, akasonya.

Bi. Rahma alitoka akasoma, akagusa herufi ya kwanza kwa kidole, rangi ikamshika. Hakunishukuru. Aliniuliza tu kama nitakula njiani.

Kesho yake, Mbagala hadi Masasi. Mwanahawa aliponiuliza kuhusu nyumba nilimwambia imeharibika sana, haifai. Basini nilikaa dirishani na sikumwonyesha mtu picha.

Hapa nyumbani nimeulizwa mara nyingi nitahamia lini Dar. Nimekuwa nikijibu kwamba mambo bado. Ukweli ni kwamba nilipenda kitu cha mtu mpaka nikakitangazia bei, na bei ndiyo iliyompata mwenyewe kabla yangu. Mliponipongeza kwenye makundi niliyapokea maneno yenu yote. Nimeifuta picha, lakini najua imeshahifadhiwa kwenye simu nisizozijua.

Juzi Side amenitumia picha, bila neno. Mlango wa nakshi umeng'olewa, umeegemezwa kwenye stoo ya saruji. Jokofu liko nje, mlango wake wazi, halina kitu ndani. Nimempigia mara tatu kumuuliza Bi. Rahma yuko wapi, hapokei.

Nikaikuza picha nitafute mwandiko wangu. Chini ya dirisha ukuta ni mweupe tena, kama kwenye filamu.